Aliyekuwa kwenye Laini ya Saba

Simu ya mezani kwa Zaituni ililia Jumanne saa sita na nusu mchana, umeme ukiwa umekatika kambi nzima ya Dzaleka, Malawi, na mashine ya simu ikiwa imezimwa mpaka betri. Ililia mara moja tu, kilio kifupi cha mtu aliyefinywa. Mwenye akili timamu angeiacha. Zaituni aliunyanyua mkonga, kwa sababu tangu azaliwe Kindu, Maniema, huko Kongo, hakuna kitu kilichomtisha ambacho hakukisonya kwanza.

"Allo?"

"Allo, bureau ya Dzaleka," ilijibu sauti ya mwanamke, ya haraka, yenye kuchoshwa na watu. "Sema shida yako mbio, bengine banangoja."

Hayo ni maneno ya Zaituni. Anayasema mara hamsini kwa siku, na anayasema hivyo hivyo, na sauti iliyoyasema ilikuwa yake, mpaka ule mkwaruzo wa kooni alioupata kwa moshi wa mkaa. Aliurudisha mkonga mahali pake polepole. Ofisini palinuka nywele zilizoungua. Akasonya, lakini msonyo ulimtoka mkavu.

Kosa lilikuwa la Gélase, na tuliseme mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hatalisema hadi kiama. Gélase alikuwa chef, yaani mkubwa, wa ofisi hiyo, mtu wa Bukavu, aliyevaa koti hata katika joto la mwezi wa kumi, joto linalowafanya mbuzi wa kambi walale chini ya magari. Alisoma gestion, elimu ya kuendesha ofisi, miaka miwili, akaizungumzia kana kwamba chuo alikijenga yeye. Waislamu wa Maniema aliwaita "bangwana" akiwa amekunja pua, na mfanyakazi wake mmoja tu wa Maniema alikuwa Zaituni, standardiste, mama anayepokea na kupiga simu zote za ofisi. Kwa hiyo dharau yote ya Gélase ilimwangukia yeye. Haikumfanya kitu. Zaituni alikuwa na dharau yake mwenyewe, ya kutosha ofisi nzima na nyingine ikabaki.

Kazi yake ilikuwa hii. Shirika lao lilishughulikia kesi za wakimbizi wanaosubiri kupelekwa kuishi nchi za mbali. Kila asubuhi Carmen wa ofisi kuu ya Lilongwe alituma majina, na Zaituni akapiga simu: wewe fulani, zamu yako imefika, njoo siku fulani. Kambi nzima iliijua sauti yake. Kulikuwa na wazee walionawa uso kabla ya kupokea namba ya ofisi. Naye aliwajibu wote kwa ukali, maana, alisema, ukiwabembeleza watataka na chai.

Jina moja hakuwahi kulipigia. Lake. Miaka kumi na moja kesi yake ilikaa Lilongwe, yeye na binti yake Yasmine katika faili moja, na Desemba hii Yasmine angetimiza miaka ishirini na mmoja. Kuanzia hapo angetolewa kwenye faili la mama, aanze foleni upya, peke yake. Ilibaki miezi miwili, na Zaituni aliihesabu kila alipoamka. Kwenye faili, mahali pa namba ya simu, aliandika namba ya ofisi, kwa sababu simu zake za mkononi zilipotea kila mwaka, na ofisini alikuwepo tangu saa moja na nusu asubuhi.

"Banikose namna gani?" alimwambia Yasmine. "Simu yote inapita kwangu."

Mashine yenyewe ilikaa ukutani kwenye stoo ya karatasi, kisanduku cha rangi ya maziwa machafu, chenye mkonga wake ubavuni na taa saba ndogo, moja kwa kila laini. Laini sita zilikuwa na simu. Ya saba haikuwahi kufungiwa simu. Fundi wa Kanengo aliyeileta, Mmalawi mpole, alimfundisha Zaituni namna ya kuizima, naye akaandika yote kwenye kipande cha katoni akakibandika ukutani. Ngoja taa zote za laini zizimike, maana taa ikiwaka kuna mtu anaongea. Bonyeza kitufe chekundu, ushikilie mpaka mashine inyamaze. Ndipo uzime swichi ya ukutani, ndipo uchomoe betri. Kuiwasha unageuza: betri, swichi, unangoja taa ya kijani itulie, halafu simu moja moja, usizirundike. Usipofuata hivyo, alisema fundi, inachanganyikiwa, na vilivyokuwa ndani vinapotea. Akasema zikomo, asante ya kwao, akaenda zake.

Jambo moja Zaituni aliliongeza mwenyewe. Kwao hakuna mwanamke anayemwaga maji ya moto uani kimya kimya. Anasema bismillahi, anawaambia wasioonekana wajivute na watoto wao, anangoja kidogo, ndipo anamwaga, kwa sababu ukimuunguza mtoto wa jini, mama yake atahamia kwako. Zaituni hakuona tofauti kati ya sufuria na mashine. Kabla ya kubonyeza kitufe alinyanyua mkonga akasema, "Bismillahi. Tunafunga. Mwenye iko ndani atoke na batoto yake." Akangoja, akafunga. Miaka minne mashine haikumsumbua hata siku moja.

Jumatatu, siku moja kabla ya kile kilio, simu zilikuwa zinakatikakatika, na saa nane Gélase alikuwa na kikao cha simu na wakubwa. Akaja stoo na koti lake.

"Mama Yasmine, zima, washa. Dakika mbili."

"Chef, ngoja. Taa ya saba inawaka. Kuko mutu."

"Ya saba haina simu."

"Njo maana mi nasema ngoja."

Alinyanyua mkonga, akabonyeza saba. Mbali, kama kutoka ndani ya kisima, mwanamke alikuwa anaimba. Hayakuwa maneno. Ilikuwa ile mmm, mmm ya kubembeleza mtoto, na katikati yake kitu kidogo kilikuwa kikigugumia kwa usingizi. Zaituni alimnyooshea Gélase mkonga. Gélase hakuuchukua. Alicheka kicheko chake cha puani.

"Interférence," akasema. "Ni radio ya kanisa. Sasa utaniambia tuchome na ubani? Hapa ni bureau, haiko nyumba ya mganga. Bangwana, bangwana, mutasoma siku gani?"

Akapita mbele yake, akashika waya wa ukutani na waya wa betri kwa mkono mmoja, akazichomoa pamoja.

Simu zote sita zililia kwa mara moja, na mlio haukuwa wa kengele. Halafu kimya, na harufu ya nywele zilizoungua. Gélase akahesabu mpaka kumi, kwa Kifaransa, akachomeka vyote pamoja, na taa zikawaka.

"Voilà. Hiyo njo science," akasema, akaenda kwenye kikao. Taa ya saba haikuzimika tena, hata umeme ulipokatika kesho yake na ile simu ikalia.

Jumatano asubuhi Matata alikuwa getini. Matata ni mshona viatu wa kambi, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa kiatu. Alikuja na mke wake Shukrani, watoto watano wamevaa nguo za Idi, magodoro mawili yamefungwa juu ya baiskeli ya kabaza, ya kukodi, sufuria ndani ya shuka. Nyumba walikuwa wamempa jirani. Mbuzi wao wawili walichinjwa usiku kwa karamu ya kuagana.

"Basi iko wapi, Mama Yasmine?" Matata akauliza.

"Basi ya nini?"

"Ya safari. Jana ulitupigia. Ulisema tumepita, tufunge bintu, basi itakuya saa mbili." Akatabasamu kwa aibu. "Nikauliza kama ni kweli, ukaniambia, 'Matata, usinichoshe na maulizo, weye funga tu.'"

Zaituni alitaka kukana, lakini hivyo hivyo ndivyo angesema. Mpaka saa tano familia tisa zilikuwa getini na mizigo yao. Mlinzi alikuwa ameacha kuwaambia warudi. Gélase akatoka, akawapandisha na kuwashusha wale watu kwa macho, kisha akamgeukia Zaituni.

"Umefanya nini weye?"

Simu ya Shukrani ikalia ndani ya kitenge. Akaitazama. "Ni namba ya bureau," akasema kwa sauti ya chini, akaifungulia spika.

Na hapo, mbele ya geti, kwenye jua la saa tano, mbele ya watu hamsini na magodoro yao, Zaituni akiwa amesimama mdomo umefungwa na mikono miwili kichwani, sauti ya Zaituni ikatoka kwenye simu ya Shukrani ikisema basi imechelewa kidogo, musiondoke, wala musimusikilize huyo mwanamuke mwenye kusimama mbele yenu maana huyo haiko mi, na nyuma ya sauti hiyo, mbali, kitu kidogo kilikuwa kinalia, kinalia bila kuvuta pumzi, mtoto aliyefungiwa mahali na aliyekwisha kuelewa kwamba hakuna anayekuja, na watu wakaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, wakiikimbia si simu bali Zaituni mwenyewe.

Gélase alivua koti. Jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni. Alikimbilia stoo akachomoa kila kinachochomoka, na huko nje simu ya Shukrani ikaendelea kuongea. Akarudi, akamvuta Zaituni nyuma ya mlango.

"Lilongwe basijue," akanong'ona. "Unasikia? Hata neno moja."

"Weye njo ulichomoa, chef."

"Mi sikufanya kintu! Ni mambo ya kwenu hii, njo mulileta hapa." Akajifuta uso kwa tai. "Iishe mpaka Ijumaa. Kama haijaisha, mi naandika kwamba standardiste alidanganya bantu na safari ya uongo."

Zaituni alimtazama juu mpaka chini, koti mkononi, shati limelowa, chef mzima. Angemtukana mpaka jioni. Lakini alijua maana ya karatasi kama hiyo. Faili lenye neno udanganyifu hufungwa na halifunguliwi tena, la mama na la binti pamoja. Akalimeza tusi, nalo likamuuma kuliko hofu.

Alhamisi akamwita Mwalimu Lukman, si kwa kumwamini, ila hakukuwa na mwingine. Lukman aliuza dawa ya mapenzi na dawa ya tumbo karibu na soko la kambi, na chupa zilikuwa zile zile. Alifika na kanzu mpya, chetezo cha udi na maji ya waridi, akamwambia Zaituni akae nje, hii ni kazi ya wanaume. Zaituni akakaa mlangoni, akasikiliza. Yeye alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, na alimsikia Mwalimu akiruka katikati ya Ayatul Kursi kama mtu anayeruka dimbwi. Akasikia akizinyunyizia simu maji ya waridi. Simu! Basi mtu huyo na Gélase wangefaa kuishi nyumba moja.

Ndipo simu ikalia, na Lukman, mjinga, akaipokea.

Zaituni hakusikia kilichosemwa upande wa pili. Alisikia pumzi ya Lukman tu, ikipanda, ikipanda. "Nani alikuambia?" Lukman akanong'ona. Kisha, kwa sauti kama ya mtoto anayekana: "Yule mgonjwa alikuwa amekwisha kufa wakati nilifika. Naapa alikuwa amekufa." Mlango ukafunguka. Alikuwa amekumbatia chetezo chenye moto na hakuonekana kuhisi kwamba kinamuunguza.

"Unaenda wapi, Mwalimu?"

"Niko na maziko, kule Mitundu."

"Na jini?"

"Huyo haiko wa kufukuza, Mama Yasmine. Ni muzazi. Mulimukatia katikati, yeye huku, mtoto kule." Akatoka nduki, kanzu mpya ikimpiga miguuni, ndala moja akaiacha. Zaituni akaiokota akaitupa nyuma yake.

"Mganga!" akasema. "Subutu!"

Ijumaa wanaume walikwenda msikitini, Gélase akajifungia na ripoti yake, na Zaituni akaingia stoo peke yake. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, saa ambayo mama yake alimkataza kusimama kwenye njia panda. Bati la juu lilikuwa linalialia kwa joto. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuisikia kwenye ulimi. Mashine ilikuwa imechomekwa tena, taa sita zimelala, ya saba inawaka. Akasoma katoni yake ukutani, japo aliijua kwa moyo, kisha akanyanyua mkonga na kubonyeza saba.

"We," akasema. "Umenichosha."

"Na weye umenichosha," ikajibu sauti yake mwenyewe. "Siku ine nasema na mdomo yako. Mate haikauke?"

Siku nyingine Zaituni angecheka. Akaubana mkonga sikioni.

"Unataka nini?"

Sauti ikabadilika, haikuwa yake tena. Ilikuwa ya mwanamke mzee sana, yenye maji ndani. "Mtoto yangu. Tulikuwa tunalala kwenye ile laini hapana mutu. Yule bwana alikata. Napita laini yote namutafuta, naita kila nyumba, namusikia lakini sifiki."

"Na Matata alikukosea nini?"

"Hapana kintu. Nilitaka basikie kungoja ni nini."

"Batu ya hapa?" Zaituni akasonya, na safari hii msonyo ulitoka na mate. "Ungeuliza kwanza. Sikiliza. Nitafunga sawa vile inafungwa, moja moja. Nitafungua moja moja. Utamukuta mtoto, utamubeba, utaenda. Ukirudi, nitakumwagia maji ya moto na bismillahi sitasema."

"Nitaenda," ikasema sauti. "Zaituni. Mbele ufunge. Carmen wa Lilongwe alikupigia Jumatano. Ni safari yenu, weye na Yasmine. Nilijibu mi, na nilijibu mubaya, nilikuwa na hasira. Mupigie sasa hii, mbele ya saa kumi. Unanifanyia muzuri, njo nakuambia."

Mkono wa Zaituni, wenyewe, bila kumuuliza, ulikwenda mpaka kwenye kitufe cha laini ya kwanza, laini ya Lilongwe, na kidole kikagusa. Miaka kumi na moja ilisimama kwenye kidole hicho. Kisha akaliona godoro la Matata juu ya baiskeli, na wale watoto na nguo zao za Idi, na wale mbuzi walioliwa. Akauondoa mkono kwa aibu na hasira. Na yeye pia! Karibu afunge sufuria ndani ya shuka!

"Unaniona mi ni Matata?" akasema. "Hiyo wimbo umeimbia nyumba tisa. Imba ingine."

"Mupigie."

"Nyamaza, utoke."

Akasema bismillahi, akasema tunafunga, mwenye iko ndani atoke na batoto yake, akangoja, na alipokuwa anangoja joto lote likatoka ndani ya stoo kwa mara moja, jasho likamgandia shingoni, na taa zile sita zilizokuwa zimelala zikaanza kuwaka na kuzimika, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anayekimbia nyumba kwa nyumba akifungua milango, na kwenye simu zote za ofisi, mezani kwake, mezani kwa Gélase, ukumbini, akasikia ile mmm, mmm ikiita, na kilio kidogo kikijibu, karibu zaidi, karibu zaidi, mpaka kikawa ndani ya mkonga, ndani ya sikio lake, mpaka akahisi pumzi ya mtoto kwenye shavu, ya moto, inayonuka nywele zilizoungua, na hakuuachia mkonga wala hakuondoa macho kwenye taa, ya nne, ya tano, ya sita, na ile ya saba ikawaka sana, ikafifia, ikafa. Kilio kilikatika katikati ya pumzi, kama kinavyokatika cha mtoto aliyebebwa.

Kitu kilipita kati yake na mlango. Kilimgusa kitambaa cha kichwa, kwa adabu zaidi, alisema baadaye, kuliko Gélase alivyowahi kupita.

Alibonyeza kitufe chekundu akakishikilia mpaka mashine iliponyamaza. Swichi. Betri. Akakaa juu ya katoni ya karatasi muda mrefu. Kisha betri, swichi, akangoja taa ya kijani itulie, na akarudisha simu moja moja, akiijaribu kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Saa tisa kasoro kila laini ilikuwa safi. Laini ya saba ilikuwa imekufa, kama inavyotakiwa. Akajipikia chai, akainywa polepole akiwa ameweka miguu juu ya kiti cha wageni, na simu nzima nzima iko mbele yake, mpaka saa kumi na nusu. Gélase aliandika ripoti yenye mstari mmoja: hitilafu ya umeme, imetatuliwa na chef.

Jumatatu gari la ofisi liliwapeleka Lilongwe, Gélase na ripoti yake, Zaituni na karatasi za mwezi, na Yasmine aliyeomba aende naye akanunue uzi wa kushonea. Zaituni aliuliza mlango wa Carmen. Walisemezana kila siku kwa miaka minne na hawakuwahi kuonana. Alimdhania mnene. Alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye miwani, na hakusimama kumsalimia.

"Carmen, dada! Leo tunaonana macho."

"Karibu, Mama Yasmine." Carmen akavuta droo, akaweka karatasi mezani. "Weka sahihi, tumalize."

"Ya nini?"

"Ya kukataa safari."

Zaituni alishika ukingo wa meza.

"Jumatano saa tisa nilikupigia," Carmen akasema, bila kumtazama. "Nilikuwa na furaha, nilisimama mpaka kwenye kiti. Nikasema, Mama Yasmine, ni zamu yako, weye na binti. Ukacheka. Ukasema, 'Carmen, hiyo safari yenu panda weye na bibi yako. Miaka kumi na moja mulikuwa wapi?' Ukakata."

"Haikukuwa mi."

"Nani mwingine ananiongeleshaka vile?" Sauti ya Carmen ikatetemeka. "Nikajua ni hasira tu. Nikamuomba chef wangu angoje mpaka Ijumaa saa kumi. Nilikaa karibu na simu. Sikukupigia mara ya pili, nilijua ukibembelezwa unatukana zaidi. Saa kumi tukapatia bengine nafasi yenu."

Zaituni akaiona ile chai ya Ijumaa. Akaiona miguu yake juu ya kiti.

Karatasi ilikuwa na sehemu mbili za kuweka alama. Ya kwanza: nimekataa mimi mwenyewe. Ya pili: alijibu mtu mwingine, mtaje. Alizijua hizo karatasi, yeye ndiye aliyewasomea wengine. Ukitaja mtu mwingine wanachunguza, wanakuja Dzaleka, wanakuta nyumba tisa zilizodanganywa kwa sauti ya standardiste, na faili linafungwa. Ukisema ni wewe, linarudi chini kabisa ya rundo, lakini linabaki hai. Yasmine angetolewa humo Desemba. Angalau kila mmoja angekuwa na lake.

"Ni weye ulikataa?" Carmen akauliza, kalamu mkononi.

"Ni mi," Zaituni akasema.

Akaweka alama kwenye sehemu ya kwanza, akaandika jina lake lote, akaweka sahihi. Kisha akasema aksanti, na Carmen, ambaye alikuwa amejiandaa kutukanwa, akavua miwani akabaki anamtazama.

Yasmine alikuwa nje kwenye ngazi, uzi kwenye mfuko wa plastiki, anakula mandasi. Akasogea ili mama yake akae. Zaituni alikaa. Mikono aliiweka magotini, akatazama barabara.

"Mama, umemuona Carmen? Ni mutu wa namna gani?"

"Ni mutu muzuri," Zaituni akajibu taratibu. "Bote humo ndani ni batu bazuri."

Yasmine akaacha kutafuna. Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kumsikia mama yake akimsifu mtu, na sauti hiyo, ambayo ilikuwa ya mama yake kabisa, mpaka ule mkwaruzo wa kooni, ilimkumbusha ile ya kwenye simu ya Shukrani, ambayo kambi nzima iliizungumza. Akasogea pembeni kidogo kwenye ile ngazi, akamchungulia usoni.

"Mama?" akanong'ona. "Ni weye?"